Mpira, hoki, skii au sambo: uchague mchezo gani ukiwa Urusi?

Mwanafunzi anayefika Urusi kutoka Dodoma, Mombasa au Bujumbura hugundua mapema kwamba mazoezi ya viungo huko si hiari. Fizkultura ni somo la lazima kwenye shahada ya kwanza. Mahudhurio yanahesabiwa, mwalimu ana filimbi shingoni, na asiyepata zachot, yaani alama ya kufaulu somo, anabaki na deni la somo hata kama kwenye kemia anaongoza darasa. Vyuo vingi humwachia mwanafunzi achague seksheni yake, yaani kundi la mchezo, mwanzoni mwa mwaka, mwezi wa tisa, na wengi wetu tunakimbilia tulichokizoea nyumbani au tulichokiona kwenye televisheni.

Si vibaya, ila kuna jambo linalosahaulika. Michezo ambayo Warusi wanaishabikia ni tofauti na ile wanayoicheza wenyewe siku za mapumziko. Wanashabikia mpira na hoki. Wakitaka kutoka jasho utawakuta kwenye skii, kwenye barafu au kwenye zulia la mieleka, na wazee kwenye ubao wa chesi. Kwa hiyo naanza na michezo ya kutazama, kisha ya kucheza, na penye mshindi nitamtaja bila kuzunguka.

Mpira na hoki: ipi ya kukatia tiketi?

Mpira hauhitaji kutambulishwa kwa mtu wa kwetu. Ligi Kuu ya Urusi ina timu 16. Moscow peke yake ina Spartak, CSKA, Lokomotiv na Dynamo, na Saint Petersburg wana Zenit, waliobeba ubingwa mara sita mfululizo hadi 2024, kabla Krasnodar hawajawavua taji mwaka uliofuata. Ukitaka Mrusi akuchangamkie kwenye treni, mtajie tarehe 1 Julai 2018, siku Urusi ilipoitoa Hispania kwa matuta katika uwanja wa Luzhniki, kipa Igor Akinfeev akiuzuia mkwaju wa mwisho kwa mguu huku mwili wote umeshaangukia upande mwingine. Usiendelee mpaka mchezo wa Sochi. Huko Croatia waliwatoa robo fainali kwa matuta hayohayo. Na ukikutana na mzee, mtajie Lev Yashin, kipa pekee aliyewahi kupewa Ballon d'Or, mwaka 1963. Yashin huyohuyo alidaka pia kwenye hoki ya barafu akiwa na Dynamo, jambo ambalo vijana wengi wa Kirusi wenyewe hawalijui.

Shida ya mpira wa Urusi kwa sasa ni kwamba umefungiwa ndani. FIFA na UEFA ziliziondoa timu za nchi hiyo kwenye mashindano yake Februari 2022, kwa sababu ya vita vya Ukraine. Anayetarajia usiku wa Ligi ya Mabingwa pale Saint Petersburg atasubiri. Timu ya taifa ilibaki kutafuta mechi za kirafiki, na moja kati ya hizo ilikuwa dhidi ya Harambee Stars, Oktoba 2023 huko Antalya, Uturuki, iliyoisha sare ya 2-2. Halafu kuna kibali cha shabiki, Fan ID, ambacho lazima uwe nacho kabla ya kununua tiketi ya Ligi Kuu. Si kigumu kukipata, ila kinataka nyaraka na subira. Na kuanzia katikati ya Desemba hadi mwisho wa Februari ligi inalala kabisa, yaani miezi ileile ambayo mwanafunzi mgeni anatafuta sababu ya kutoka hosteli.

Lingine ni ubaguzi, na ni bora msomaji aende akijua. Mwaka 2011 Roberto Carlos, akichezea Anzhi, alitupiwa ndizi uwanjani Samara akaamua kutoka nje mechi ikiendelea. Mwishoni mwa 2012 kundi moja la mashabiki wa Zenit lilitoa tamko hadharani kwamba halitaki wachezaji weusi kikosini. Tangu hapo mengi yamebadilika. Zenit waliobeba mataji ya karibuni walijaa Wabrazili, na majukwaa yaleyale yaliwaimba majina. Hata hivyo, kama wewe ni mweusi na hii ni mechi yako ya kwanza, usikae nyuma ya goli kwenye kona ya mashabiki wakali. Nunua tiketi ya jukwaa la katikati, wanakokaa wazazi na watoto, na nenda na Mrusi mnayefahamiana.

Hoki ina hadithi nyingine. Urusi ya Kisovieti ilianza mchezo huu kwa kuchelewa, maana ubingwa wake wa kwanza wa taifa ulianza Desemba 1946. Mwaka 1954 walikwenda kwenye mashindano ya dunia Stockholm kwa mara ya kwanza wakarudi na ubingwa. Mwaka 1972 walikutana na Kanada katika mfululizo wa mechi nane. Wakanada, waliojiona ndio wenye mchezo, walipigwa 7-3 katika mechi ya kwanza, kwao, Montreal. Mwishowe Kanada walishinda mechi nne, Wasovieti tatu, moja ikawa sare, lakini muulize Mrusi yeyote wa miaka sitini nani alishinda, usikilize jibu. Mashujaa wa kikosi kile walikuwa Valeri Kharlamov, jezi namba 17, aliyefariki kwa ajali ya gari 1981, na kipa Vladislav Tretiak. Kijana wa leo atakutajia Alexander Ovechkin, ambaye tarehe 6 Aprili 2025 alifunga bao lake la 895 katika ligi ya Amerika Kaskazini na kuivunja rekodi ya Wayne Gretzky ya mabao 894.

Ligi ya nyumbani ni KHL, iliyoanza 2008, na kombe lake limepewa jina la Gagarin, mtu wa kwanza kwenda anga za juu. Inaanza mapema mwezi wa tisa na kuingia hadi majira ya kuchipua, bila likizo ndefu ya baridi. Ukichagua timu ya kushabikia, isikilize kwanza habari ya Lokomotiv ya Yaroslavl. Tarehe 7 Septemba 2011 ndege yao ilianguka wakienda kwenye mechi ya kwanza ya msimu, na karibu kikosi kizima kikaangamia. Klabu ikajengwa upya kutoka kwa vijana. Kombe la Gagarin walilipata kwa mara ya kwanza 2025.

Anayeitazama hoki kwa mara ya kwanza hulalamika kwamba haoni kile kisahani cheusi cha mpira mgumu wanachokigombania. Usikifuate kwa macho, fuata mabega na magongo ya wachezaji, kisahani utakiona chenyewe. Kila upande una watu sita uwanjani, kipa akiwemo, na vipindi ni vitatu vya dakika 20 ambazo saa husimama kila filimbi inapolia. Wachezaji hubadilishana wakati mchezo unaendelea, kila kundi likikaa chini ya dakika moja, maana mbio zile hakuna anayeziweza zaidi ya hapo. Anayefanya kosa anatolewa dakika mbili na timu yake inabaki pungufu. Ukielewa hizo dakika mbili umeelewa nusu ya mchezo.

Tiketi moja tu? Hoki. Unakaa ndani penye joto, msimu haukatiki, na kuna kitu kwenye sauti ya mbao za pembeni mtu anapobamizwa ambacho televisheni haikileti. Nairobi tayari wapo waliolewa na mchezo huu: timu ya Ice Lions ilianzia kwenye kiwanja kidogo cha barafu cha hoteli ya Panari.

Ukitaka kucheza mwenyewe, mambo yanageuka

Hoki ile niliyoisifia hapo juu, kama mchezo wa kucheza, iache. Mtoto wa Kirusi huanza kuteleza akiwa na miaka minne au mitano, na vifaa kamili, kuanzia kofia na kinga za mabega hadi kaptura nene, gongo na viatu vyenyewe, vinakula bajeti ya mwanafunzi ya miezi kadhaa. Watu wazima wanaocheza kwa kujifurahisha, wakiwemo wa ile Ligi ya Usiku iliyoanzishwa 2011, wana magari ya kubebea mabegi yao. Wewe una metro.

Mpira ni kinyume chake. Karibu kila mtaa wa magorofa una korobka, kiwanja kidogo kilichozungushiwa mbao, ambacho kiangazi ni cha mpira na baridi ikiingia humwagiwa maji yakawa barafu. Chuoni kuna futsal ukumbini mwaka mzima. Viatu unavyo. Timu za wanafunzi wa Kiafrika zipo katika miji mingi yenye wageni, na pale chuo kikuu cha Patrice Lumumba Moscow, ambacho kimepokea vijana wetu tangu 1960, hukosi mechi. Kasoro yake ni moja, nayo ni kubwa kuliko inavyoonekana: utacheza na Wanigeria, Wakongo na Wazambia. Ni raha tupu, lakini mwaka utaisha Kirusi chako kikiwa cha sokoni na cha darasani tu. Kwa anayetaka kupumzisha akili, mpira unatosha. Kwa anayetaka kuingia ndani ya jamii ile, hautoshi.

Skii au viatu vya barafu

Hapa ndipo ningemtaka mgeni asimame na kufikiri, kwa sababu baridi ya Urusi haina pa kukwepea. Ama utaitumia, ama itakufungia chumbani hadi Aprili.

Skii wanayoijua Warusi wengi si ile ya kushuka milimani kwa kasi. Ni ya kutembea na kukimbia juu ya theluji msituni, tambarare na vilima vidogo, na shule nyingi hufundisha hivyo kwenye vipindi vya fizkultura. Kila Februari kuna mbio za umma ziitwazo Lyzhnya Rossii, zilizoanza 1982, ambamo bibi wa miaka sabini anaweza kukupita huku akikuuliza unatoka wapi. Nyota wa Kirusi wa mchezo huu ni Alexander Bolshunov, aliyechukua dhahabu tatu Beijing 2022.

Unaanza na mtindo wa klasiki, miguu ikienda sambamba ndani ya njia mbili zilizochimbwa kwenye theluji. Ule wa pili, wa kusukuma miguu pembeni kama mtelezaji wa barafu, uache mwaka wa kwanza. Kukodisha kunapatikana kwenye bustani kubwa kama Sokolniki na Izmailovo jijini Moscow, na mara nyingi chuo chenyewe kina stoo ya skii kwa ajili ya somo. Ukinunua vilivyotumika, angalia viunganishi vinavyoshika kiatu kabla ya kutoa hela. Kuna aina ya zamani ya milimita 75, kuna NNN na kuna SNS, na kiatu cha aina moja hakiingii kwenye skii ya aina nyingine. Watu wengi wamerudi nyumbani na kiatu kizuri na skii nzuri visivyojuana. Kwa klasiki, skii iwe ndefu kuliko wewe kwa sentimita 20 hivi, na fimbo ifike usawa wa bega au chini yake kidogo. Kama chini ya skii hakuna magamba ya kushika theluji, utahitaji nta, na nta hubadilika kulingana na nyuzi za baridi. Kwa mwanzo tafuta yenye magamba, ujiepushe na elimu nzima ya nta ambayo wazee wa Kirusi wanaweza kukueleza kwa saa nzima.

Uvaaji ndio unaowashinda wageni. Mtu wa kwetu akiona nyuzi 10 chini ya sifuri anavaa koti la kwendea darasani, na baada ya dakika kumi analowa jasho, kisha akisimama anaganda. Vaa nguo nyembamba kwa tabaka, ya ndani isiwe ya pamba, utoke ukihisi baridi kidogo. Dada wanaovaa hijabu wana nafuu yao hapa, kwani kila mtu msituni amejifunika kichwa na shingo na hakuna anayegeuka kukuangalia kwa hilo.

Na usiseme skii si ya Waafrika Mashariki. Mkenya Philip Boit, mkimbiaji aliyefundishwa skii Finland, alishiriki kilomita 10 za klasiki kwenye Olimpiki ya Nagano 1998. Alimaliza wa mwisho, nafasi ya 92, kama dakika 20 nyuma ya mshindi Bjørn Dæhlie wa Norway, na Dæhlie alisubiri kwenye mstari wa mwisho amkumbatie. Boit alirudi tena kwenye Olimpiki za 2002 na 2006.

Kuteleza kwenye barafu kuna utamu wa haraka zaidi. Muziki unapigwa, taa zinawaka, vijana wanakwenda wawili wawili. Moscow kuna kiwanja cha Red Square mbele ya duka la GUM, cha Gorky Park, na cha VDNKh chenye zaidi ya mita za mraba 20,000 za barafu. Viatu unakodi palepale. Chagua vya hoki kuliko vya densi, kwa sababu vya densi vina meno mbele ambayo kwa anayeanza ni mtego wa kuangukia uso. Barafu ni ngumu kuliko theluji, kwa hiyo anguko lake linauma, na vifundo vya miguu vitakulaani wiki mbili za kwanza.

Densi ya barafu yenyewe, yaani figure skating, ile ya Irina Rodnina na dhahabu zake tatu za Olimpiki za 1972, 1976 na 1980, au ya Alexandra Trusova aliyeruka mizunguko minne mara tano katika onyesho moja Beijing 2022, itazame tu. Ni nzuri mno, na ni ya walioanza kabla hawajajua kusoma.

Kati ya hizo mbili nachagua skii, bila kusitasita. Barafu ni matembezi ya jioni, tena unalipa kila unapokwenda. Skii ukishaipata ni yako msimu mzima, msitu ni bure, pumzi inapanda, na mtu anayeteleza peke yake kwa shida hupata walimu wasioalikwa kila mita mia. Warusi ambao kwenye metro hawakuangalii usoni, msituni wanakusimamisha kukurekebishia goti. Kirusi cha kweli kinaanzia hapo.

Sambo, kwa mwenye moyo

Sambo ni mieleka ya kujihami bila silaha, iliyotungwa katika miaka ya 1920 na 1930. Vasili Oshchepkov, mmoja wa waanzilishi wake, alijifunza judo Kodokan, Tokyo, na alifia kizuizini 1937 wakati wa msako wa Stalin. Mwaka uliofuata, tarehe 16 Novemba, mchezo ukatambuliwa rasmi bila jina lake. Unavaa koti gumu jekundu au la bluu, kaptura na viatu vyepesi. Rangi ya koti haionyeshi cheo, inaonyesha upande wako tu katika pambano.

Tofauti yake na judo ni rahisi kuikumbuka. Judo inaruhusu kukaba koo na inakataza kupinda miguu, sambo ya michezo inaruhusu kupinda miguu na inakataza kukaba koo. Sambo ya mapigano, iliyowalea wapiganaji akina Fedor Emelianenko na Khabib Nurmagomedov, inaongeza ngumi na mateke, na si ya kuanzia. Mieleka huru nayo ni dini ya Dagestan, jamhuri ya kusini mwa Urusi. Mji wa Khasavyurt ndio uliomtoa Buvaisar Saitiev, bingwa wa Olimpiki wa 1996, 2004 na 2008. Ila ukiingia kwenye ukumbi wa mieleka huru ukiwa na miaka ishirini utakutana na vijana walioanza wakiwa na sita, na hakuna koti la kushika. Kwenye sambo angalau kuna mahali pa kuning'inia.

Kumbi za sambo zina nidhamu ambayo Mswahili anaielewa haraka: unamsalimia kocha kwanza, mkubwa anaheshimiwa, mgeni anasaidiwa mpaka siku atakapojigamba. Katika nyingi utakuta vijana wa Dagestan na Chechnya, Waislamu wenzao kwa wasomaji wetu wengi, na mfungo wa Ramadhani haumshangazi mtu pale. Ukirudi nyumbani sambo utaikosa mitaani, lakini karibu yote uliyojifunza unaweza kuyapeleka kwenye judo, ambayo Zanzibar, Nairobi na kwingineko ina vilabu. Acha tu ile tabia ya kudaka mguu.

Iliyobaki, kwa ufupi

Voliboli ni chaguo salama kwa wasichana na wavulana, hasa mwenye kimo, na vikundi vya hosteli huchanganyika vizuri. Chesi haihesabiwi sana kwenye zachot lakini ni njia nzuri ya kupata rafiki mzee bustanini. Usijidanganye kwamba unajua kucheza mpaka ucheze naye. Kuogelea ndani ya tundu la barafu Januari ni kwa waliozoea, tena pamoja na waangalizi.

Na kuna hoki ya mpira, bendi, inayochezwa na watu 11 kila upande kwenye barafu yenye ukubwa wa uwanja wa mpira wa miguu, ipendwayo sana Khabarovsk, Krasnoyarsk na Arkhangelsk. Naitaja kwa sababu ya majirani zetu. Mwaka 2014 timu ya Somalia, ya vijana wakimbizi wanaoishi Borlänge, Sweden, ilisafiri hadi Irkutsk, Siberia, kushiriki ubingwa wa dunia. Walifungwa mabao mengi sana na wenyeji waliwashangilia.

Kwa hiyo uandike nini kwenye fomu?

Kama chuo chako kiko Moscow, Saint Petersburg au zaidi kaskazini na mashariki, na magoti yako ni mazima, andika skii kwa muhula wa baridi na mpira kwa kiangazi. Kama uko kusini, Rostov au Krasnodar, theluji haiaminiki, kwa hiyo nenda sambo au voliboli. Mwenye pumu au tatizo la moyo asijifanye jasiri. Kuna uchunguzi wa daktari mwanzoni mwa mwaka unaowagawa wanafunzi kwenye makundi ya afya, na kundi maalumu lina mazoezi yake mepesi na zachot yake ileile.

Hiyo spravka, yaani cheti cha daktari, ishughulikie wiki ya kwanza, kabla foleni ya zahanati haijafika mlangoni, maana bila hiyo hakuna bwawa wala seksheni itakayokuandikisha. Orodha za sambo na kuogelea hujaa kwanza. Za skii huwa na nafasi mpaka mwisho, na skii zenyewe, kama utapenda kuwa na zako, zinunue mwezi wa tatu au wa nne theluji inapoyeyuka, watu wanapouza za kwao kwa bei ya kutupa.